Hadithi zilezile, picha sizo: uzoefu wangu na Scary Stories to Tell in the Dark

Nilifungua kifurushi nikiwa bado nimesimama getini, bodaboda hata hajageuza pikipiki. Nikapekua kurasa za katikati, nikarudi mwanzo, nikaenda mwisho. Hadithi zote zilikuwamo. Picha ndizo hazikuwa zenyewe. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililichagua mimi.

Nieleze vizuri, maana kosa hili kuna mtu atalifanya tena wiki hii.

Scary Stories to Tell in the Dark ni jina la vitabu vitatu vyembamba vya hadithi za kutisha vya Mmarekani Alvin Schwartz. Cha kwanza kilitoka mwaka 1981, cha pili 1984, cha tatu 1991, mwaka mmoja kabla mwandishi hajafariki. Schwartz hakuzitunga hadithi hizi. Alizikusanya kutoka kwenye masimulizi ya watu wa kwao na maandishi ya waliozikusanya kabla yake, halafu akazipunguza maneno mpaka zikabaki mifupa. Aliyeivika ile mifupa ngozi, tena ngozi inayochuruzika, ni mchoraji Stephen Gammell. Sasa mwaka 2011, kitabu cha kwanza kilipotimiza miaka 30, wachapishaji walitoa toleo lenye picha za mchoraji mwingine, Brett Helquist. Wasomaji waliokulia na zile za zamani walipiga kelele, na baada ya miaka kadhaa picha za Gammell zikarudishwa. Lakini nakala za 2011 hazikuyeyuka. Ziko sokoni, kwa jina lilelile na mwandishi yuleyule. Muuzaji wangu wa mtandaoni, ambaye simtaji, aliweka jalada la zamani kwenye tangazo na akanitumia kitabu cha jalada jipya. Nilipomwandikia alinijibu kwa ufupi: maneno ni yaleyale.

Alisema kweli. Na ndiyo sababu ninaandika.

Miezi minne baadaye dada yangu anayeishi Minnesota aliniokotea nakala yenye picha za Gammell kwenye duka la vitabu vya mitumba. Nikajikuta na kitu ambacho sikukipanga: hadithi zilezile, neno kwa neno, zimevaa nguo mbili tofauti. Na wakati huo watoto wa dada yangu mwingine walikuwa kwangu likizo, mmoja msichana wa darasa la sita, mwingine mvulana wa darasa la tatu. Kiingereza chao bado cha kuungaunga, kwa hiyo kila usiku nilikuwa nasoma na kutafsiri papo hapo, na mama yangu, bibi yao, akisikiliza huku akijifanya hasikilizi.

Kwanza tulisoma ile nakala isiyo yenyewe, ya Helquist. Nimtendee haki mwanaume huyu: anachora vizuri. Mistari yake ni safi, sura za watu zinaeleweka, ukimwangalia mtu unajua ni mzee au kijana na ana wasiwasi au hana. Anachora kilichoandikwa. Hadithi ikisema kuna mlango, mlango upo. Watoto walizitazama picha zake kama wanavyotazama picha za kitabu cha shule, wakaniambia, "Mjomba, endelea."

Kwa hiyo kwa wiki nzima tulikuwa na maneno tu, na hapo ndipo nilipogundua jinsi maneno yenyewe yalivyo machache. Hadithi nyingi hazifiki kurasa tatu. Hakuna maelezo ya hali ya hewa, hakuna mtu kukumbuka utoto wake. Ukikaa peke yako kitandani ukizisoma kimyakimya, nyingine utaona ni nyepesi kama chai ya rangi iliyosahauliwa majani. Nilikaribia kuandika maoni ya hasira. Kisha nikasoma ile ya kidole kwa sauti.

Ndiyo hadithi ya kwanza katika kitabu cha kwanza, kwenye sehemu ambayo kichwa chake ni ukelele tu, A nyingi zimefuatana. Mvulana anachimba bustanini kwao anaona kidole gumba cha mguu kimejitokeza udongoni. Anakivuta, hakitoki, anakivuta kwa nguvu, kinakatika mkononi, na kitu fulani kinaguna na kukimbia. Anakipeleka jikoni. Mama mtu anakitazama, anaona kimenona, anakitia kwenye supu. Usiku baba anakigawa vipande vitatu, wanakula, wanaosha vyombo, wanalala. Ndipo sauti inaanza kuja kwa mbali ikiuliza kidole chake kiko wapi.

Kiswahili kilinitega hapa. Kidole kwetu ni kidole, cha mkono au cha mguu, na nikisema kila mara "kidole gumba cha mguu wangu kiko wapi" mzimu unageuka karani anayejaza fomu. Nikajaribu "dole langu", yule mdogo akacheka, mambo yakaharibika. Mwishowe nikabaki na "kidole changu kiko waaapi", nikivuta ile "wa" mpaka pumzi iishe, kila mara chini zaidi. Kitabu kinataka sauti ipande ngazi. Nyumba yetu haina ngazi, nikaipitisha koridoni, ikapita mlango wa choo, ikapita friji. Na mwishoni mwandishi anamwachia msimulizi maagizo kabisa: mrukie aliye karibu yako umpigie kelele kwamba anacho yeye. Kwa Kiingereza ni maneno matatu. Kwetu ni neno moja tu, UNACHO, na nawaambia halina mpinzani. Yule wa darasa la tatu aliruka akatua kwenye sinia la karanga za dada yake.

Basi nikaelewa. Hiki si kitabu cha kusoma, ni kitabu cha kusimulia, jina lenyewe limesema na mimi sikusikia. Schwartz ameacha nafasi makusudi, kama wimbo uliochapishwa bila ala. Mnaokinunua mkakisoma kwenye daladala na kusema hakitishi, hamjakitumia bado.

Siku nyingine tulisoma ya ajali, iliyo kwenye kitabu cha pili. Kijana anakutana na msichana kwenye dansi la Krismasi, anampa pambo linalometa analitia nyweleni, anampeleka kwa gari. Msichana anaomba kushuka mahali penye giza. Kijana anasubiri, anaamua kumfuata, anakuta gari lililogonga mti na maiti ya yule yule msichana imebanwa ndani, pambo bado liko nyweleni. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Hiyo ni ya Tanga."

Na kweli, hata mimi nimekua nayo, ila yetu ina koti. Kijana kacheza dansi usiku kucha na msichana mzuri, msichana anatetemeka kwa baridi, kampa koti lake, kamfikisha hadi mlangoni kwao. Kesho yake anakwenda kulifuata koti anapokewa na mama mtu, anaambiwa binti huyo amekufa zamani. Wanakwenda makaburini, koti hilo limetandikwa juu ya kaburi. Nikamuuliza mama, Tanga kuna baridi gani ya kumpa mtu koti? Akanijibu, "Ndiyo ujue alikuwa maiti."

Nilicheka, lakini nilipofungua kurasa za mwisho za kitabu nikaacha kucheka. Huko nyuma Schwartz ameweka maelezo ya kila hadithi: imesimuliwa wapi, na nani ameiandika kabla yake, imebadilikaje ikihama mji. Ni kurasa zenye herufi ndogo ambazo mtoto atazipita, na kwangu ni nusu ya utamu wote. Unaona kwamba hakuna anayesimulia hadithi hizi bila kutaja mtaa. Msimulizi wa Marekani anataja barabara fulani nje ya mji fulani, na aliyepatwa ni rafiki wa binamu yake; wa Mombasa akikusimulia yule mwanamke mrembo mwenye kwato atakutajia klabu aliyokuwamo na teksi iliyomchukua. Enzi za mumiani wazee walikuwa wanataja hadi gari. Schwartz alikuwa anakusanya kitu hicho hicho, na hakujidai kwamba ni chake.

Halafu ikafika nakala ya Gammell.

Sijui nianzie wapi. Nianze na jalada: kichwa kinatokeza ardhini, kinacheka, kina kiko cha tumbaku mdomoni. Watoto walipokiona walisogea karibu. Hawakukimbia, walisogea. Ndani hakuna rangi, ni nyeusi, nyeupe na kijivu, na kila kitu kinaonekana kimeloa. Gammell hamalizi mstari. Mkono unaanza kama mkono, unaishia kama mzizi, mzizi unadondosha matone, matone yanageuka kuwa nyuzi za buibui zinazoning'inia mpaka kwenye maandishi. Hata picha ya nyumba tupu ina kitu kama mishipa. Unaitazama unahisi karatasi imepata maji, unataka kuifuta.

Nilizijua picha hizi kabla ya kitabu. Mwaka 2019 ilipotoka filamu iliyotokana na hadithi hizi, ya André Øvredal, Guillermo del Toro akiwa mmoja wa watayarishaji, watu walianza kurushiana picha za kitabuni kwenye simu, na moja ikanikaa. Ni uso wa mwanamke. Nilikuja kuupata mahali pake kwenye hadithi ya nyumba yenye mzimu, kitabu cha kwanza. Mhubiri anakwenda kulala kwenye nyumba inayosumbuliwa, anawasha moto, anasoma Biblia. Usiku anatokewa na mwanamke aliyeuawa na mchumba wake kwa ajili ya fedha. Anamwomba mhubiri achukue pingili ya mwisho ya kidole chake kidogo, aiweke kwenye sahani ya sadaka kanisani, na atakayeshikwa nayo ndiye muuaji. Mhubiri anafanya hivyo, mfupa unagandia mkononi mwa mtu mmoja, anapiga mayowe, anakiri. Ukiifikiria ni hadithi ya haki, karibu ya Jumapili asubuhi. Mzimu ni mlalamikaji tu. Hana nia mbaya na mtu mwingine yeyote.

Gammell hakuchora mahakama. Amechora uso. Nywele chache zimelowana, macho hayapo, matundu tu yenye kitu kama mwanga kwa ndani sana, pua haipo, midomo imevutika, ngozi ina nyufa kama tope la mto lililokauka. Uso umejaza ukurasa na unakutazama wewe. Maandishi yanataja hayo kwa maneno machache kisha yanaendelea na kesi. Picha haiendelei. Unageuza ukurasa kujua muuaji amekamatwaje na bado unajua kwamba yule yuko nyuma ya karatasi.

Yule mdogo aliomba tuufunike ukurasa ule kwa bahasha ya kaki kila tunapopita. Asubuhi yake nilikuta kitabu kimelazwa kifudifudi kwenye rafu, na juu yake kimewekwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kitabu kizito kuliko vyote nyumbani.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mara nyingine picha haihusiani na hadithi. Ipo hadithi ya kitabu cha pili ya wasichana wawili wanaosoma chuo na kuishi chumba kimoja: mmoja anarudi usiku, anasikia mwenzake akivumisha wimbo gizani, anamwambia anyamaze, na kulipokucha anakuta mwenzake hana kichwa. Ukitazama picha yake utakuta mtu kwenye kiti cha kubembea, hewani, katika ukungu, pamoja na dude ambalo hata sijui nilipe jina gani. Hamna kiti kwenye hadithi. Hamna dude. Binti wa darasa la sita alinihoji kama mwendesha mashtaka: "Huyu ni nani sasa?" Sikuwa na jibu, na alilala akimwaza huyo kuliko yule asiye na kichwa. Helquist angemjibu. Ndiyo tofauti yao: mmoja anakuonyesha hadithi, mwingine anakupa hadithi ya pili ambayo haina maneno, na hiyo ndiyo huwezi kumwomba mjomba aimalize.

Ila kuna moja iliyotutisha katika nakala zote mbili, hata bila picha ingetosha. Ni ya Harold, kitabu cha tatu. Wafugaji wawili, Thomas na Alfred, wamepandisha ng'ombe malishoni mlimani kipindi cha joto. Kwa upweke wanatengeneza sanamu ya majani, saizi ya mtu, wanaipa jina la mkulima wanayemchukia. Wanaisemesha. Wakikasirika wanaitukana na kuipiga, wanaipaka chakula usoni. Usiku mmoja sanamu inaguna. Kisha wanaiona kama inanenepa. Siku moja inasimama, inatoka nje, inapanda juu ya paa na kuanza kutembeatembea huko kama farasi, mchana kutwa. Wanaamua kuhama. Wakiwa njiani wanakumbuka wamesahau vigoda vya kukamulia maziwa, Thomas anarudi kuvichukua. Alfred akigeuka nyuma kutazama, Harold yuko juu ya paa, amepiga magoti, anatandaza ngozi yenye damu ili ikauke.

Imeishia hapo. Nimesoma vitabu vingi vya kutisha vya kurasa mia nne visivyo na sentensi moja ya namna hiyo. Mama aliacha mchele kabisa. Akauliza, "Hivyo vigoda vilikuwa na thamani gani?" Nadhani hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu kitabu hiki.

Mchoraji huyu huyu, Gammell, ndiye aliyepata Nishani ya Caldecott mwaka 1989, ile wanayopewa Marekani wachoraji wa vitabu vya watoto, kwa kumchora babu mchangamfu anayewachezea dansi wajukuu zake. Mkono uleule. Nilipolijua hilo nilimtazama tena yule mwanamke asiye na macho nikamwona kidogo ni mtu wa familia. Kidogo tu.

Je, ni kitabu cha watoto? Huko kwao wamegombana sana juu ya hili. Chama cha Maktaba cha Marekani kilipoorodhesha vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kati ya 1990 na 1999, mfululizo huu ulishika namba moja. Wazazi walikuwa wanataka vitolewe maktabani. Mimi siwacheki. Ipo hadithi ya bucha anayesaga watu kuwa soseji, kuanzia mkewe. Ipo ya msichana mwenye jipu shavuni ambalo ndani yake buibui alitaga mayai; baada ya hiyo tulijikuna wote wanne mpaka saa sita usiku, na kesho yake chunusi moja ya binti ilitaka kutupeleka hospitali. Kwa yule wa darasa la tatu nilikosea, nilipaswa kusubiri mwaka mmoja au miwili, na mama yake alinieleza hivyo kwenye simu kwa urefu. Kwa yule wa darasa la sita kilikaa mahali pake kabisa.

Kasoro zipo. Nyimbo zilizochanganywa humo zimepoa, au labda zinahitaji tuni ambayo mimi sina. Zile za mashababi ndani ya gari na muuaji mwenye kulabu zimeshasimuliwa mpaka zimechakaa. Kuna ya ngoma, ambamo binti wa Kijipsi (jamii ya kuhamahama ya Ulaya iliyosemwa vibaya tangu zamani) anawashawishi watoto wawe watundu mpaka mama yao anaondoka na kuja mama mpya mwenye macho ya kioo na mkia wa mbao. Mwisho wake ni wa kukosesha usingizi, lakini ule Ujipsi umetiwa kama kiungo cha kuogofya tu, na leo unakera. Karatasi ya nakala yangu ni laini na nyepesi, vivuli vya kijivu vinapotelea kwenye weusi. Kama unaweza kuchagua, chukua nakala ambayo ukiipekua unaona ukungu, siyo madoa.

Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa wa ndani wenye majina. Jina unalolitafuta ni Stephen Gammell. Mwaka na jalada visikudanganye.

Ile nakala ya kwanza nilitaka kuirudisha, nauli ya posta ikanishinda. Imebaki kwa watoto. Juzi nimeifungua nikakuta yule mdogo amepitia picha za Helquist moja moja kwa penseli, akaziongezea matone, nyuzi na mizizi, kwenye pembe zote, hata kwenye namba za kurasa. Harold sasa ana miguu sita. Karibu yake, kwa mwandiko wa darasa la tatu, ameandika: vigoda viko wapi.